Kisigino Kinachocheza na Kifundo Kinachoteguka: Kutatua Matatizo ya Viatu vya Mbio za Njia za Shamba kwa Wanawake wa Unguja na Pemba

Mwanamke anayeingia dukani Darajani kutafuta kiatu cha kukimbilia njia za shamba huulizwa namba tu, na yeye hujibu kwa kuongeza kwamba anataka kiatu laini. Muuzaji hubonyeza soli kwa dole gumba, soli inabonyea, na biashara imekwisha. Wiki chache baadaye kiatu hicho hicho, kilichokuwa starehe juu ya sakafu ya duka, kimemtoa malengelenge kisiginoni, kimemgeuza ukucha mweusi, au kimemtegua kifundo kwenye mawe ya Makunduchi, naye huhitimisha ama kwamba miguu yake ni mibovu, ama kwamba ameuziwa feki. Mara nyingi si hili wala lile. Kiatu hakikuushika mguu mahali panapostahili kushikwa, au soli yake haikulingana na ardhi anayoipita.

Ulaini unaohisiwa kwa kidole hausemi lolote kuhusu utulivu. Kiatu hutulia kwanza kwa sababu kisigino hakichezi ndani yake, pili kwa sababu vidole vina nafasi ya kutanuka na kukamata, na tatu kwa sababu soli ni pana kuliko mguu uliosimama juu yake. Unene wa sponji huja baada ya hayo yote. Kwa hiyo kila dalili inayoelezwa hapa inachunguzwa kwa kuanzia kwenye mshiko, si kwenye bei wala jina lililoandikwa ubavuni.

Kabla ya kutafuta sababu, msomaji ajiulize mahali hasa panapouma, wakati maumivu yalipoanza, na ardhi aliyokuwa akiipita wakati huo. Visiwani kwetu hili la tatu lina uzito kuliko linavyofikiriwa. Magharibi ya Unguja, kuanzia Masingini na kuendelea kaskazini, kuna udongo wenye kina na njia za kivuli. Mashariki na kusini ni uwanda, yaani mwamba wa matumbawe uliochomoza juu ya udongo haba, wenye makali yanayokata. Pemba ni vilima na mabonde yanayofuatana bila kupumzika, na udongo wake mwekundu hunata vibaya wakati wa masika. Kiatu kimoja kinaweza kuwa kizuri Konde na kikawa adha Kizimkazi.

Kisigino kinapanda na kushuka, na nyuma panatoka malengelenge

Hili ndilo tatizo linalowapata wanawake wengi zaidi kuliko yote ninayoyajua, na chanzo chake kikubwa ni kalibu ya kiatu, yaani umbo la mguu ambalo kiatu huundwa juu yake. Kwa wastani, mguu wa mwanamke huwa na kisigino chembamba ukilinganisha na upana wa mbele, ilhali viatu vingi vinavyofika kwenye maduka yetu na kwenye mitumba ya Mwanakwerekwe vimetengenezwa kwa kalibu ya kiume. Mwanamke mwenye mguu mpana mbele hukipenda kiatu cha kiume kwa sababu vidole vinapumua, na hajali kwamba nyuma pamebaki tundu. Muuzaji naye humtuliza: «Hiki cha kiume, dada, lakini kitakukaa tu, utavaa soksi nzito.» Hakikai.

Namna ya kupima ni hii. Kaa juu ya baraza, vaa kiatu ukiwa na soksi utakayokimbilia, kifunge, kisha mwombe mtu akishike kiatu kwa nyuma kisiinuke wakati wewe unainua kisigino kwa nguvu. Kisigino kikinyanyuka kidogo tu na kukwama, hali ni salama. Kikichomoka hata kidole cha mtu kikaweza kupita kati ya mguu na ukuta wa nyuma wa kiatu, kiatu hicho kitakutoa malengelenge kabla hujafika nusu ya safari. Msuguano, joto na jasho ndivyo vinavyotenganisha tabaka za ngozi, na wakati wa kaskazi, hewa ikiwa nzito kwa unyevu, vyote vitatu hupatikana bila kutafutwa.

Kabla ya kukitupa kiatu, jaribu kufunga kamba upya. Viatu vingi vya kukimbilia vina tundu moja la ziada karibu na kifundo, ambalo watu huliacha tupu kwa kudhani ni pambo. Toa kamba kwenye tundu linalolitangulia, ipandishe upande ule ule bila kuivusha, iingize kwenye tundu la ziada kutokea nje kwenda ndani, lakini usiivute yote: acha kitanzi kidogo kibaki nje. Fanya hivyo upande wa pili. Sasa vusha ncha ya kamba ya kulia ipite ndani ya kitanzi cha kushoto, na ya kushoto ndani ya kitanzi cha kulia, kisha vuta zote mbili kuelekea chini na nyuma, si juu, halafu funga fundo kama kawaida. Utahisi kiatu kinakukumbatia juu ya kisigino huku sehemu ya mbele ikibaki huru. Kwa wanawake wengi hilo pekee linatosha, nalo halina gharama.

Lisilofaa ni kuongeza soli ya ndani ya pili kwa kudhani itajaza nafasi. Soli hiyo humpandisha mvaaji juu, kisigino kikatoka ndani ya ukuta uliokusudiwa kukishika, na tatizo likazidi. Soksi nzito ya pamba nayo hunywa jasho, ikalowa, ikajikunja; afadhali soksi nyembamba ya nyuzi za viwandani, inayobana mguu bila mikunjo. Ikiwa kufunga upya hakujasaidia, kiatu hicho si chako, hata kama umeshakilipia.

Wakimbiaji wa pwani ya mashariki wana sababu nyingine ya kuzingatia, nayo ni mchanga. Mchanga wa Paje na Jambiani ni laini kama unga, na kiatu chenye kitambaa cha neti pana huupokea wote. Malengelenge yakitokea ubavuni mwa mguu au chini ya vidole, si kisiginoni, na soksi zikawa na mchanga ndani, chanzo si kipimo cha kiatu. Chagua kitambaa chenye matundu madogo, na ikiwezekana vaa kitambaa cha kunyumbuka kinachofunika mdomo wa kiatu. Wale wanaokimbia na suruali ndefu chini ya gauni wanaweza kuufunga upindo wa suruali juu ya mdomo wa kiatu kwa mpira mwepesi. Si maridadi, lakini mchanga hauingii.

Ukucha unakuwa mweusi, au vidole vinagonga mbele

Tofautisha kwanza. Vidole vinavyogonga hata kwenye njia ya tambarare vinasema kwamba kiatu ni kifupi. Vidole vinavyogonga wakati wa kuteremka tu, kama kwenye miteremko ya Pemba inayoshuka kwenye mabonde ya mpunga, husema kwamba mguu unasukumwa mbele kwa sababu haukushikwa nyuma, na dawa yake ni ule ufungaji ulioelezwa hapo juu. Watu hukosea hapa kwa kununua namba kubwa zaidi wakati tatizo lao lilikuwa kamba, na kiatu kikubwa kinampa mguu nafasi ndefu zaidi ya kuteleza kabla ya kugonga.

Urefu unaofaa ni ule unaoacha upana wa dole gumba la mkono mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, mvaaji akiwa amesimama kwa uzito wake wote. Kidole hicho kirefu si lazima kiwe gumba. Kwa wengine ni cha pili. Pima jioni, kwa sababu mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na mbio za saa moja na nusu katika joto letu huuvimbisha zaidi. Nyumbani, weka karatasi sakafuni ikigusa ukuta, simama juu yake kisigino kikigusa ukuta, weka alama kwenye ncha ya kidole kirefu, upime kwa sentimita. Fanya miguu yote miwili, na ushike kipimo cha ule mkubwa.

Kipimo hicho cha sentimita ndicho cha kwenda nacho sokoni, kwa kuwa namba zinachanganya. Kibandiko kilicho chini ya ulimi wa kiatu huwa na mifumo mitatu au minne. Namba moja ya Ulaya ni takriban milimita 6.7. Katika mfumo wa Marekani namba ya kike hupita ya kiume kwa moja na nusu hivi, kwa hiyo kiatu cha kike cha 8.5 kinakaribiana kwa urefu na cha kiume cha 7. Mwenye kununua mitumba kwa kukariri namba moja atabebeshwa kiatu cha mumewe. Soma mstari wa sentimita, kisha vaa, kwani hata viwanda havilingani.

Wanawake waliozaa wana jambo la ziada. Wakati wa ujauzito mishikizo ya mifupa hulegea na uzito huongezeka, na upinde wa wayo unaweza kushuka na mguu ukarefuka, pengine moja kwa moja. Wapo wanaoendelea kununua namba waliyovaa siku ya arusi ilhali wameshapata watoto watatu, kisha wanashangaa kucha kung'oka. Pima upya.

Vidole vinakufa ganzi au vinaungua

Ganzi inayoanzia juu ya mguu ni ya kamba zilizokazwa mno. Ruka tundu moja mahali panapouma, kamba ipande ubavuni bila kuvuka, na shinikizo litaondoka. Moto unaosikika chini, hasa kati ya kidole cha tatu na cha nne, husababishwa mara nyingi na mbele ya kiatu iliyochongoka inayobana mishipa ya fahamu, na huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, wala viatu virefu vya harusini havisaidii. Toa soli ya ndani, iweke sakafuni, simama juu yake: mguu ukimwagika nje ya soli upande wa vidole, kiatu ni chembamba. Baadhi ya viwanda, kama Altra, hutengeneza mbele iliyofuata umbo la mguu wenyewe, lakini vingi kati ya viatu hivyo pia vina kisigino kisichoinuka kupita vidole, na hilo lina matokeo yake, kama yatakavyoonekana.

Kifundo kinateguka kwenye mawe

Hapa ndipo kupenda ulaini kunapogharimu. Soli nene humwinua mkimbiaji mbali na ardhi, na kadiri alivyo juu ndivyo jiwe moja lililokanyagwa kwa ukingo linavyompindua kwa nguvu kubwa zaidi. Sponji laini huongeza ubaya, kwani hubonyea upande mmoja wakati mguu umekanyaga pasipolingana. Kwenye barabara iliyosawazishwa haya hayaonekani kabisa, ndiyo maana kiatu kinasifiwa mjini na kulaumiwa katika vijia vya msitu wa Kiwengwa-Pongwe, ambako mizizi na mawe ya matumbawe hupokezana kila hatua.

Kiweke kiatu mezani, kitazame kwa nyuma. Soli inapaswa kuwa pana kuliko sehemu ya juu, hasa kisiginoni na katikati. Kisukume kwa kidole ubavuni: kinachoyumba kikiwa kitupu hakitatulia kikiwa na mtu ndani yake. Halafu kishike mbele na nyuma ukikamue kama unavyokamua nguo. Kinachojisokota kirahisi hakifai uwandani, ingawa kinaweza kufaa mchangani. Mwisho, angalia kama kimelala upande mmoja. Mitumba mingi imeshakanyagwa na mtu mwingine kwa namna yake, ukingo wa nje umelika, na atakayekivaa anarithi mwendo usio wake.

Si lazima soli iwe nyembamba kupindukia. Viatu vya Hoka, kwa mfano, vinajulikana kwa unene, lakini vingi kati yake vina msingi mpana na mguu huzama ndani ya kingo za sponji badala ya kusimama juu yake. Linaloamua ni uwiano wa kimo na upana.

Nalazimika kugusa ushauri mmoja ulioenea, wa kulowesha mguu, kukanyaga saruji, na kuchagua kiatu kwa umbo la alama iliyobaki. Marekani ilijaribu jambo hili kwa askari wake wapya, wengine wakipewa viatu kulingana na umbo la wayo na wengine wakipewa kiatu cha aina moja, na majeraha hayakutofautiana kwa kiasi cha maana. Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary, na wenzake, walipendekeza mwaka 2015 kwamba starehe anayoihisi mkimbiaji mwenyewe ni kigezo bora zaidi. Ninakubaliana nao, kwa sharti kwamba starehe hiyo ipimwe mtu akiwa anakimbia, ikiwezekana juu ya kifusi au mawe, na si akiwa amekaa kwenye kigoda cha duka.

Aliyewahi kuteguka asitegemee kiatu pekee. Kifundo kilichoteguka mara moja huwa chepesi kuteguka tena, na mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja wakati wa kupiga mswaki, baadaye macho yakiwa yamefumbwa, hufanya kazi ambayo soli haiwezi.

Wayo unachomwa na mawe

Ikiwa unahisi kila jiwe, soli ni laini mno au nyembamba mno kwa uwanda. Viatu vya mawe huwa na bamba jembamba la plastiki ngumu ndani ya soli, na unaweza kulitambua kwa kubonyeza kutokea chini kwa ncha ya ufunguo: penye bamba, shinikizo husambaa na halipenyi. Lakini bamba hufanya kiatu kikatae kukunjika, na kiatu kisichokunjika huvuta kisigino nje, kwa hiyo anayekimbia udongo wa Masingini na mchanga wa pwani hana haja nalo. Kwa uwanda tazama pia ncha ya mbele iwe na mpira mgumu. Tumbawe likikata ngozi, osha jeraha vizuri siku hiyo hiyo, kwa kuwa vidonda vyake huoza upesi.

Kiatu kinateleza

Anayelalamika kwamba kiatu kinateleza aeleze kinateleza wapi. Kwenye tope la Pemba wakati wa masika hufaa meno marefu, ya milimita 5 au 6, yaliyoachana ili udongo udondoke badala ya kujaza mapengo na kuigeuza soli kuwa bapa. Kwenye mwamba uliolowa, ngazi za saruji au mbao, meno hayo hayo ni hatari, kwa maana mkimbiaji anasimama juu ya ncha chache tu za mpira. Huko hufaa meno mafupi yaliyokaribiana na mpira laini, ambao hulika upesi. Kwa mwanamke wa Unguja anayetaka jozi moja ya kutumia mahali pote, milimita 3 hadi 4 ndiyo kiasi ninachopendekeza. Kwenye mwamba wenye ukoga wa kijani, pale bahari inapokuwa imetoka wakati wa bamvua, hakuna mpira unaoshika, tembea.

Shavu la mguu linakaza, au kano ya kisigino inauma

Tazama tofauti ya kimo kati ya kisigino na vidole. Viatu vya zamani vya mbio vilikuwa na tofauti ya milimita 10 hadi 12, vingine vya leo vina 4, vingine havina kabisa. Aliyezoea 10 akahamia sifuri kwa siku moja huipa kano ya kisigino kazi isiyoizoea, na mchanga mlaini, ambamo kisigino huzama, huongeza kazi hiyo. Hama polepole, kwa kutumia jozi mbili kwa zamu na kukimbilia ile mpya masafa mafupi. Maumivu yakiwa ya mguu mmoja tu kwa mtu wa pwani, chanzo pengine ni mteremko wa ufukwe, ambako mguu wa upande wa bahari hukanyaga chini kuliko mwenzake. Subiri maji yakupwe mchanga ulionyooka na mgumu uonekane, au rudi kwa njia ile ile uliyoendea ili miguu ibadilishane zamu. Maumivu makali chini ya kisigino kwa hatua za kwanza za asubuhi, yanayopungua ukishatembea, ni ya utando wa wayo, na kiatu kilichokufa sponji huyachochea. Sponji hufa kati ya kilomita 500 na 800, hata kama sura ya nje bado inang'aa.

Kiatu hakikauki, na soli inabanduka

Epuka viatu vilivyotangazwa kuwa havipitishi maji. Katika mvua za vuli au kwenye vidimbwi vya Jozani maji huingilia mdomoni, kisha hayana pa kutokea. Kiatu cha neti hulowa na kukauka. Kilichoingia maji ya chumvi kioshwe kwa maji baridi, soli ya ndani itolewe, kijazwe magazeti na kuanikwa kivulini penye upepo; juu ya bati wakati wa jua la mchana sponji husinyaa na gundi huachia. Kiatu cha mtumba kikunje kwa nguvu kabla ya kulipa na usikilize: kinachotoa sauti ya kupasuka, au kinachoonyesha ufa kati ya soli na sponji, kimezeeka ghalani hata kama hakijavaliwa. Fundi viatu anaweza kukishona ukingoni, na kushona huko kutashika, lakini hakurudishi uhai wa sponji.

Kiatu kimebadilishwa, maumivu yamebaki

Maumivu yaliyo mahali pamoja juu ya mfupa, panapofunikwa na ncha ya kidole kimoja, yanayozidi kila mbio na kuanza kusikika hata usiku, si ya kiatu tena. Yanaweza kuwa ufa wa mfupa, ambao huwapata zaidi wanawake wanaokimbia sana na kula kidogo, hasa wale ambao siku zao zimekatika kwa miezi. Mwenye dalili hizo aache kukimbia, aende hospitali, na amweleze daktari habari ya siku zake bila kuona haya, kwa sababu inabadilisha matibabu. Ufa wa namna hii mara nyingi hauonekani kwenye picha ya eksirei katika wiki 2 au 3 za mwanzo, kwa hiyo picha safi si ruhusa ya kurudi njiani; aombe ipigwe tena, na hadi hapo asikimbie.